Mwandishi, Twende Sokoni

Karatasi nimeshika,
usiku umeshafika,
wino mwekundu wanuka,
nasahihisha mezani.

Ni jaribio la pili,
ufahamu, Kiswahili,
maswali kumi kamili,
shule yetu, Kisauni.

Mkuu wetu, Bi Sidi,
ameshatoa ahadi:
alama hapa zizidi
kabla ya mwezi wa Juni.

Majirani zetu Nyali
wana walimu wawili
kwa mtoto; sisi, kweli,
themanini darasani.

Kifungu chazungumza
viazi na kuviuza,
na mvua iliyokwaza
malori barabarani.

Swali la tano likaja:
“Bei ilipanda, taja
sababu, japo ni moja,
ilotajwa kifunguni.”

Shekue, mwana wa Mwaka,
kalamu akaishika,
upesi akaandika:
“Madalali wa sokoni

wanaficha magunia,
stoo wakayafungia,
hadi watu wakilia
ndipo watoe mizani.”

Nikamwekea sifuri,
ndivyo ilivyo amri;
ingawa jibu ni zuri,
si lile la mwongozoni.

Asubuhi nikamwita:
“Hili jibu umepata
wapi? Aya nimepita,
dalali simwoni ndani.”

“Mwalimu,” akanijibu,
“miye najua sababu,
mama wamemsulubu
kila juma gulioni.

Kila kuche Kongowea
nakwenda kumbebea,
mwenyewe nimesikia
wakinong'ona pembeni.

Na mvua haikunyesha,
vumbi ndilo latuchosha;
huyo aliyeyazusha
hununua duka gani?”

Nikanyamaza kidogo.
Nyuma darasa li zogo,
kichwani nina mzigo.
Nikamketisha chini.

“Ukweli huo ni wako,
utunze moyoni mwako;
lakini swali si lako,
limefungwa kifunguni.

Kwanza maswali yasome,
kisha aya ziandame,
neno gumu usikwame,
tazama la ubavuni.

Wakisema ‘kwa mujibu
wa kifungu,’ ni wajibu
macho yachume jawabu
mle mle mistarini.

Mama yako, madalali
na vumbi, waweke mbali;
hadi umalize swali
wakungoje mlangoni.”

Tulikaa juma tatu,
jioni, hakuna mtu:
vifungu vya nyuki, chatu,
meno, bima na ramani.

Penseli akaichonga,
maneno akayapanga,
kiini akakitenga,
na makapi pembezoni.

Siku moja kateleza:
“Meno kwa nini yaoza?”
“Ni bomba,” akaeleza,
“chumvi tupu, Kisauni.”

Nikacheka, akafuta,
peremende akaleta,
naye midomo kavuta
kama anywaye kwinini.

Siku ya pili likaja:
“Bibi, kikapu kimoja
kauza, kutwa kangoja;
alikuwa hali gani?”

Aya zote kapekua.
“Halimo,” akaamua,
macho kwangu kainua,
“Mwalimu, niseme nini?”

Nikasema, “Basi hapo
mlango fungua, japo
kidogo; mamako yupo,
angoja kizingitini.

Mkaribishe aketi,
umuulize kwa dhati,
siku asipate senti
hurudi na uso gani.”

Akaandika mstari:
“Hakulia. Kwa hadhari
alihesabu sifuri,
akaosha masahani.”

Mwongozo wao mkavu,
hauna nyama, ni mbavu,
ulidai kwa uvivu
neno moja tu, “huzuni.”

Nilimpa zote mbili
bila kuomba kibali;
Bi Sidi awe mkali,
nitajibu ofisini.

Siku ya siku kufika,
tisa kwa kumi kashika,
ubaoni kasomeka
tatu bora orodhani.

Lile moja alokosa,
habari ya unga hasa,
kichwa kipi kingepasa:
“Mwandishi, Twende Sokoni.”

Jana nilipita kwao,
wateja na zamu zao,
mafuta yana mlio,
karai liko mekoni.

Leo viwili kwa kumi!
Ukaniwasha ulimi:
“Mbona waniminya mimi?
Bei imepanda kwani?”

Mamake hajatamka,
mwana mezani katoka,
kwa adabu akacheka,
sahani i mkononi:

“Mwalimu, kabla ya jibu,
swali lako lina tabu;
niambie: kwa mujibu
wa kifungu, wa sokoni?”